Gauni Alilojishonea Asenath

Wapendwa waombolezaji, nyinyi mliojaa ndani ya ukumbi huu wa Kaloleni na nyinyi mliosimama nje juani, historia hii inasomwa na Lydiah, mdogo wake marehemu, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndivyo alivyotaka, na ile iliyoandikwa na kamati ya mazishi, inayosema kwamba marehemu aliugua kifua kwa muda mfupi, Lydiah ameiacha nyumbani.

Asenath Nabiswa alizaliwa tarehe 4 Juni 1940 huko Kabras, mtoto wa pili wa Mzee Nabiswa na Mama Robai, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka wa 1956, kisha akajifunza cherehani. Tarehe 17 Desemba 1960 alifunga ndoa na Laban Shitanda, mfanyakazi wa reli, wakaja kuishi hapa Kaloleni, wakajaliwa Rebeka, Wycliffe na kitinda mimba Nafula, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1979.

Tangu mwaka wa 1964 alikuwa fundi katika soko la Jericho, na ni akina mama wachache hapa ambao hawakuwahi kupimwa kifua kwa tepu yake, wembamba kwa wanene, na hizi sare za buluu walizovaa leo akina mama wa chama cha kanisa, walioketi safu ya mbele, zote ni kazi ya mikono yake.

Tepu hiyo ndiyo iliyomshtua. Agosti 1980, akijipima sare yake mwenyewe, aliona ziwa la kushoto limevutika, chuchu imerudi ndani, na chini yake pana kivimbe kigumu kama punje ya hindi, kisichouma hata kidogo, naye akasema siku hiyohiyo. Mama mkwe akasema hayo ni maziwa yameganda, Laban akasema mke wake hatavuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume, nacho chama kikamfungia maombi na kumwonya kwamba anayekimbilia hospitali ana imani haba. Kidonda kilipofunguka na kuanza kunuka, chama hichohicho kikamhamishia benchi la nyuma, karibu na mlango, na kweli asante ya punda ni mateke. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Asenath hakuficha, alifichwa.

Februari 1982, alipofikishwa hospitalini, tezi za kwapa zilikuwa zimeshavimba, daktari akamwuliza, mama, ulikuwa wapi siku zote hizi, naye akamjibu, nilikuwa na watu wangu. Ziwa likakatwa, akachomwa kwa miale, akapata nafuu ya mwaka mmoja, kisha ugonjwa ukaingia uti wa mgongo, akafariki alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1983. Ugonjwa huo unaitwa saratani ya matiti, na anayeinamisha kichwa kwa kulisikia neno hilo na akiinue.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inamshukuru jirani yetu Koki, aliyemfulia bandeji bila kuziba pua, na Maingi, fundi mwenzake, aliyemletea cherehani hadi kitandani. Shemeji Laban alijifunza kumfunga kidonda, japo alichelewa, na anashukuriwa kwa kadiri hiyo. Chama kinashukuriwa kwa kuja.

Chama kiliomba avalishwe sare, na mama mkwe akaleta pamba ya kujazia upande uliokatwa, ili watu wasione. Lydiah amekataa yote mawili, kwani mwezi wa Julai, akiwa ameegemea mito, Asenath alijipima kwa tepu ileile, akajishonea gauni jeupe, upande wa kushoto ukiwa bapa kama alivyokuwa, akasema, wakija kuniaga, waone.

Jeneza linafunguliwa sasa. Safu ya mbele itatangulia, wala asigeuze uso mtu, na kila mama akifika kwake leo ajishike kifua, na akikuta kitu, asimwombe mtu ruhusa.

Dada, gauni limekukaa. Pumzika kwa amani.