Mota Nane za Volti 480

Benchi la nje ya lango la kiwanda, huku Windsor, Kanada, limeelekea mtoni, na ng'ambo ya mto ni Detroit, Marekani. Asubuhi ile watatu wanaokaa hapo wakati wa mapumziko walikuwa wameupa mto kisogo. Lorne, fundi umeme waliyembatiza Fyuzi, alikuwa hana raha hata kidogo. Tangu majira ya kuchipua uvumi ulikuwa umezagaa kwamba kiwanda kitahamishwa, na leo ghalani zimefika mota mpya nane. Umeme wa kiwanda chao ni volti 600. Mota zile ni za 480. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba ni makosa.

— Makosa hayo, Fyuzi! alisema Koleo, fundi wa mashine. Karani kapitiwa. Zirudishwe.

— Nikiziunga hapa, zitaungua hujamaliza hiyo donati.

— Kwani kwa nini sisi tunatumia volti mia sita?

— Baridi, bwana! alidakia Bohdan, wanayemwita Askofu ingawa kanisani haonekani hata Krismasi. Umeme wa huku bila kuusukuma kwa nguvu unagandia njiani.

— Acha uongo, mzee.

— Uongo? Toa mia nne na themanini kwenye mia sita. Inabaki ngapi?

— Mia na ishirini.

— Na balbu ya sebuleni kwako inatumia ngapi?

— Mia na ishirini.

— Umeona sasa! Wenzetu wenye mota hizi wanatoa volti za kiwandani za kuwashia taa nyumbani, sisi tunazo za ziada!

Koleo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Lorne naye alicheka, maana alikuwa na hamu kweli ya kucheka. Akatamani Askofu aendelee kudanganya hadi jioni.

Mirela, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo aliyeanza kazi Jumatatu, alikuwa amesimama na kikombe chake, anasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Ng'ambo pale viwandani wanatumia volti ngapi?

Koleo akainamia donati yake. Askofu, ambaye hajawahi kukosa jibu, akaanza kukuna kidevu. Lorne alijua jibu tangu alipofungua kreti la kwanza la mota, na moyo ulimuuma kulisema.

— Mia nne na themanini, dada.

— Basi si makosa.

— Si makosa.

— Mota zina pa kwenda, alisema Mirela polepole. Na sisi je?

Honi ya kurudi kazini ikalia. Lorne, ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuchelewa, hakuinuka; akambana Koleo pembeni ili Mirela apate pa kukaa.