Aliyoambiwa na Wagonjwa Hakuyasema

Marehemu alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliishika kwa miaka ishirini na minane. Alichoambiwa na mgonjwa hakikutoka kinywani mwake kwenda kwa mtu mwingine, awe daktari, awe mkubwa wa kazi, awe ndugu wa damu. Kilichoruhusiwa kuandikwa kiliandikwa bila jina. Mgonjwa aliyetaka daktari ajue, alimwambia daktari mwenyewe.

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kiume. Mwezi Septemba 2023 marehemu alimwagiza hivi: "Andika ulichokiona. Usinipake rangi." Kwa hiyo hakuna rangi humu. Kuna desturi mbaya ya kumfanya kila aliyekufa kuwa malaika, na yeye hakuipenda akiwa hai.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa karani wa posta. Mama yake alishona sare za shule, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni kwa miaka arobaini. Alipokuwa na miaka sita aliokota bahasha barabarani, akaipeleka nyumbani amwombe baba amsomee. Baba hakuishika. Alivaa viatu, akamshika mkono, wakatembea mitaa mitatu hadi kwa mwenye jina lililoandikwa juu. Njiani mtoto aliuliza ndani kuna nini. Baba alisema, "Cha mtu ni cha mtu." Baba alifariki mwaka 1979, na hiyo ndiyo hadithi yake ambayo marehemu aliisimulia mara nyingi kuliko zote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Katika ripoti ya darasa la sita mwalimu aliandika, "Anauliza sana." Mama alikwenda shuleni na ripoti mkononi, akamwambia, "Mwalimu, wewe mjibu tu, atanyamaza." Hakunyamaza. Alisoma sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza mwaka 1980, kisha chuo cha uuguzi kuanzia 1981 hadi 1984. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye kazi, alirudi darasani: shahada ya kwanza mwaka 1995 na shahada ya uzamivu mwaka 2011. Alivaa joho la uzamivu akiwa na miaka hamsini, akasema linamkaa kama pazia.

Alianza kazi ya uuguzi mwaka 1984 katika wodi ya wanaume. Kila asubuhi, kabla madaktari hawajapita, aliona wagonjwa wakificha vitu: chupa nyuma ya mto, majani ndani ya gazeti, mafuta ya kukandia chini ya godoro. Mzee mmoja alificha kipande cha mzizi ndani ya soksi. Daktari alikishika, akauliza, "Hiki nini?" Mzee akajibu, "Soksi, daktari." Wodi nzima ilicheka, daktari akakitupa kwenye ndoo, akamsema mzee mbele ya watu. Siku ya tatu mzee aliondoka bila kuaga, na dawa zake za hospitali akaziacha juu ya kabati. Kitanda hicho marehemu alikitandika mwenyewe. Alisema utafiti wake wote ulianzia hapo: kwa nini mtu anawaamini watu wa hospitali hadi wamtoe damu, lakini hawaamini kiasi cha kuwaambia anachokunywa nyumbani.

Kuanzia mwaka 1993 aliuliza swali hilo kwa wagonjwa wa presha, wa sukari, wa mgongo na wa saratani. Alikuwa na kigoda chake, cha chini kuliko kiti cha mgonjwa, alichokibeba kwenye mfuko. Alikaa, akawasha kinasa sauti, na baada ya hapo hakuwa na maneno mengi. Mtu akinyamaza, yeye alisema "Halafu?" na kusubiri. Ndiyo maana wagonjwa walimwita Mama Halafu, na wapo walioingia kliniki wakiuliza, "Mama Halafu yupo leo? Nimemletea mengine."

Alichokipata kimeandikwa na kinasomwa. Wengi waliokunywa mitishamba au kwenda kukandwa hawakuwa wameikataa hospitali. Walitaka mtu wa kuwashika, na wa kuwauliza wamelalaje. Waliogopa kufokewa kuliko walivyoogopa ugonjwa.

Mwaka 1994 kinasa sauti chake kiliharibika, akakipeleka kwa fundi redio mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Kaseti ilikuwa imekwama ndani. Alipokwenda kukichukua aliuliza, "Umesikiliza?" Fundi akasema, "Nimesikia inazunguka, basi. Maneno si yangu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995. Walijaliwa watoto wawili. Mume wake anasema kuwa kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujua ugonjwa wa mtu hata mmoja kupitia kwake, na majirani hawakumwamini.

Sasa kuna jambo ambalo ukoo unalijua nusu nusu, na ni heri lisemwe lilivyo.

Mwaka 2008 marehemu alikuwa akikusanya maneno ya wagonjwa wa moyo na presha kwa ajili ya uzamivu wake. Mama yao alikuwa mgonjwa wa moyo katika kliniki hiyo hiyo, na alidai naye aandikwe. "Unawasikiliza wa watu, wako nani anamsikiliza?" Chuo kilimwonya marehemu kuwa si vizuri kumhoji mzazi. Aliomba kibali, akapewa kwa sharti la ahadi ile ile anayopewa kila mgonjwa. Alhamisi, tarehe 5 Juni 2008, mdogo wake alikuwa pale nyumbani akirekebisha bawaba ya mlango. Aliona kigoda kikiwekwa karibu na cherehani.

"Mama, nikiwasha hiki, mimi si mwanao. Utakachosema kinabaki hapa."

"Sawa. Mwanangu akirudi mwambie sijala."

Mdogo wake alicheka. Aliambiwa atoke, akatoka na nyundo yake. Mlango ulifungwa kwa dakika hamsini.

Mama alifariki Ijumaa, tarehe 27 Juni 2008. Kliniki yake iliyofuata ilikuwa tarehe 3 Julai. Hospitali ilisema moyo umechoka, na watu wote waliridhika na maneno hayo.

Uzamivu ulipotolewa kuwa kitabu, marehemu alimpelekea mdogo wake nakala. Alikisoma chote, kama anavyosoma kila kitu. Katika sura ya tano kuna mgonjwa aliyepewa namba thelathini na moja. Anauita moyo wake "mpangaji wangu wa kifuani, hana adabu, anagonga ukuta." Anasema daktari humuuliza presha imepanda au imeshuka, hajamuuliza yeye mwenyewe amepanda au ameshuka. Anasema anakunywa mizizi iliyochemshwa, vikombe viwili kwa siku, na siku za mizizi hagusi vidonge, kwa sababu vikikutana vinagombana. Mwishoni mtafiti anamwomba amwambie daktari. Anajibu: "Nitamwambia mwenyewe kliniki ijayo. Usinitangulie." Chini ya ukurasa kuna mstari mmoja wa herufi ndogo: mgonjwa huyu alifariki kabla ya kliniki iliyofuata.

Katika nyumba walimokulia ni mtu mmoja tu aliyewahi kuuita moyo wake mpangaji.

Jumapili, tarehe 16 Machi 2014, mdogo wake alikwenda kwake. Marehemu alikuwa akipanga vitabu kwenye rafu ya ukumbini.

"Dada, huyu wa thelathini na moja ni mama?"

"Siwezi kukujibu."

"Nakuuliza kama ndugu yako."

"Nimekusikia. Siwezi kukujibu."

"Ulijua, ukakaa kimya wiki tatu."

Hakukana wala hakukiri. Alisema, "Keti, nikupe maji." Mdogo wake hakuketi.

Baadaye mdogo wake alimtafuta daktari wa kliniki ile, akamuuliza kama mizizi ndiyo iliyomuua mama. Daktari alisema huenda, na huenda sivyo, na kwamba hakuna atakayejua. Jibu hilo halikumsaidia. Yeye, mwalimu kwa kazi, aliamini tangu ujana wake kwamba ahadi ni ahadi, na aliwafundisha hivyo wanafunzi wake na watoto wake. Ilipofika kwa mama yake alitaka ahadi ivunjwe, na alipokuta haikuvunjwa aliacha kuongea na dada yake. Harusi ya mpwa wake ilifanyika bila yeye. Kanuni inayoshikwa siku za wepesi tu haina kazi, na hilo alilijua hata wakati ule.

Marehemu aliendelea kufanya kazi. Mwaka 2016, kwa juhudi zake, fomu ya kulazwa wagonjwa iliongezwa swali: "Kuna kitu kingine kinachokusaidia nyumbani?" Wauguzi walifundishwa kuliuliza na kuandika jibu bila kukunja uso. Alistaafu mwaka 2021.

Mwezi Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Jumanne, tarehe 9 Mei, alilazwa, na mume wake alimpigia shemeji yake simu. Alisema tu namba ya wodi. Mdogo wake alifika wakati muuguzi, msichana mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa akijaza fomu. Muuguzi alifika kwenye swali lile.

"Kuna kitu kingine kinachokusaidia nyumbani, mama?"

"Majani, kikombe kimoja asubuhi. Na kukandwa miguu, mume wangu ananikanda, ila hajui."

"Hajui kama anakukanda?"

"Hajui kukanda. Andika hivyo hivyo."

Muuguzi aliandika. Daktari alipopita alisoma, akauliza ni majani gani, akamweleza aache kwa wiki mbili na kwa nini. Hakufoka. Marehemu aliacha.

Mdogo wake alibaki amesimama mwisho wa kitanda. Alisema, "Dada, sijaja kuuliza."

"Ungeuliza ningekujibu vile vile."

"Najua."

"Basi keti."

Safari hii aliketi. Ilikuwa imepita miaka tisa na siku hamsini na nne. Hakujua aanzie wapi, akasema habari za paa la nyumba yake lililovuja mwaka 2015. Alipomaliza alinyamaza. Marehemu akasema, "Halafu?" Aliendelea hivyo, mwaka baada ya mwaka, kila jioni saa za kuona wagonjwa, kwa miezi mitano. Walifika mwaka 2021.

Alifariki Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Kaseti na faili zake zote zilikwishakabidhiwa chuoni, zimefungwa kwa muhuri, kwa maagizo yaliyoandikwa kwa mkono wake.

Ameacha mume, fundi redio; binti, mhandisi wa maji, na mkwe wake; mwana, mfamasia; mjukuu mmoja wa kike; na mdogo wake wa kiume. Kigoda chake amepewa muuguzi yule wa kalamu mbili.

Alishika ahadi aliyompa mgonjwa, na ilimgharimu miaka tisa bila ndugu yake wa pekee. Ndugu yake naye ilimgharimu miaka hiyo hiyo, na miwili ya mwisho hakuwahi kumsimulia.

Apumzike. Hakuna atakayemuuliza tena.