Vidonge vya Ndaki

Asubuhi hiyo benchi la kahawa la Mama Nelly, kwenye njia ya machimboni nje ya Katoro, lilikuwa na watu watatu, wote hoi. Karasha alikuwa ametoka zamu. Walimwita hivyo kwa kuwa mdomo wake husaga kama mashine ya kuvunja mawe. Mzee Baruti alishaacha kulipua miamba tangu sikio lake moja lizibe. Katikati yao aliketi Ndaki, ameshika tumbo. Wiki nzima alikuwa akiharisha, na duara lao, shimo walilochimba kwa pamoja, ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kutoa mawe mazuri. Asiyeshuka hapati mgawo. Basi alinunua vidonge vya kufunga tumbo, akawa anameza kila likimsokota, kisha anashuka shimoni. Sasa choo kilikuwa kimefunga kweli. Tumbo limevimba, mwili unachemka.

— Mwangaluka, Ndaki. Umeamkaje? Mama Nelly alimuuliza.

— Nipo nipo tu, mama.

— Si umeacha kukimbilia chooni? Karasha akadakia. Ongeza vingine viwili, umalizie.

— Nimalizie nini?

— Vijidudu! Ukivifungia humo ndani vinakosa hewa, vinakufa vyote.

Mzee Baruti akasonya.

— Hujui kitu wewe. Hilo joto la ardhini. Mtu akikaa sana chini, moto wa mwamba unampanda. Anywe kahawa chungu, itautoa.

— Kahawa yenyewe ya moto, mzee!

— Ndiyo inavyoutoa sasa!

Siku nyingine Ndaki angecheka. Leo sauti zao zilimfikia kwa mbali, kana kwamba wao wako juu na yeye yuko chini ya shimo. Hakuwa amewaambia kuhusu damu. Aliiona kabla choo hakijafunga, akajidanganya kuwa ni bawasiri.

Bodaboda ikasimama. Akashuka Asteria, dada yake, aliyetoka Didia baada ya kumsikia kwenye simu akiongea kwa shida.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Shikamoo, mzee. Mama, habari za hapa?

Hakungoja majibu. Alikuwa akiitazama midomo ya mdogo wake, mikavu, imepasuka.

— Ndaki, kulikuwa na damu?

Ndaki akainama.

— Ilikuwepo.

— Dukani hawakukuuliza?

— Waliniuliza. Yule dada alisema kama kuna damu au homa nisivimeze kabisa, niende kituo cha afya, kwa sababu ugonjwa utabaki umefungiwa tumboni. Akasema pia nisipitishe kipimo, nitaumiza moyo. Nikamwambia sina damu wala homa. Nilitaka kushuka, dada.

Karasha akaweka kikombe chini taratibu.

— Mara ya mwisho umekojoa lini? Asteria akauliza.

Ndaki akafungua mdomo. Jana? Alikumbuka kiu, alikumbuka giza la shimoni, kukojoa hakukukumbuka. Akamgeukia Karasha, wanayelala naye chumba kimoja. Karasha akamtazama Mzee Baruti. Mzee akatazama chini.

— Dereva, usizime! Asteria akaita.

Karasha na mzee wakamshika Ndaki makwapani, wakampakia. Asteria akakaa nyuma yake, akamkumbatia asianguke.

Kituoni walimtundikia dripu, wakamchoma sindano, wakasema akikojoa tu, amevuka. Jioni Ndaki alipoomba kusaidiwa kuinuka akakojoe, ndipo Asteria alipokaa sakafuni, akalia.