Benchi la Mbele ya Geti

Nilikuwa nachambua maharage, birika la kahawa liko motoni kando yangu, Kasmir alipokuja na habari kabla hata hajaketi. Kasmir ni fundi viatu, hushonea viatu vyake hapo benchini, tunamwita Redio. Benchi langu la kuuzia kahawa liko mbele ya geti la kliniki, maana ndipo wateja wanapopita, na siku ya dawa za virusi linajaa kuliko siku zote. Wenzake walikuwa wameshafika: mzee Basil, mnunuzi wa mahindi, tunayemwita Profesa, na Abdala, aliyekuwa konda wa basi la Tunduma.

— Mama Redempta, shemeji yako Zenon kaacha dawa, Redio akasema.

— Nani kakwambia?

— Macho yangu. Siku ya dawa iliyopita hakupita. Leo geti linakaribia kufungwa, hajapita.

Mkono ukabaki kwenye ungo. Zenon ni mdogo wa mume wangu, anaishi kwetu. Mwaka juzi nilimlisha uji kwa kijiko. Dawa ndizo zilizomwinua akashika jembe. Siku hizi anakula peke yake chumbani, anasema amechoka.

— Ni njaa hiyo, Profesa akasema. Zile dawa zinaamsha njaa. Mtu anamaliza ugali wa watu watatu. Kaona aibu, kalihurumia debe lako la unga.

— Aibu gani? Siku hizi anadonoa kama ndege.

— Basi ni hili soko huria, Konda akadakia. Kila kitu kinapita Tunduma: betri feki, saa feki. Kidonge kitakosaje? Jamaa kaonja, kashtuka.

— Feki gani inamwinua mtu kitandani?

— Baridi! Redio akapaza sauti. Baridi ya huku juu inagandisha dawa tumboni. Zile zimetengenezwa kwa watu wa joto.

— Kwani Ulaya kuna joto?

— Kule wana hita, Mama Redempta.

— Nyote hamjui, Profesa akasema, akiweka kikombe chini. Kuna mtu kamtupia radi ya uchawi. Siyo ile kubwa. Ndogo, ya kusahaulisha tarehe.

Wakacheka. Mimi nilirudi kwenye ungo, lakini jiwe na haragwe sikuvitofautisha tena.

Akatokea mwanamke wa Kisukuma, kitenge kichwani, anatembea upesi. Alipofika kwetu akasimama. Huku hakuna anayewapita watu wazima bila kusimama akawasalimia, na hawa wangu salamu hawaiachii iishe haraka.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Nani mwenzetu? Watoka wapi?

— Minza. Natoka Mpui.

— Unakwenda pale getini? Konda akauliza. Safi sana! Usione haya. Hata Zenon wetu alikuwa akipita hapa tunampigia makofi.

— Kwa nguvu, Redio akaongeza. Mpaka watu wa mashine ya kusaga wanajua shujaa kapita.

— Makofi ya nini?

— Ya kumtia moyo!

Minza akalitazama benchi, akalitazama geti.

— Samahani wazee wangu, njia nyingine ya kufika pale ni ipi?

— Hakuna. Huku mtaro, kule ukuta wa jirani Masanja.

— Na mngekuwa ninyi ndio mnachukua dawa, mngepita hapa?

Profesa akainua kikombe akanywa. Kilikuwa kitupu. Redio akainamia kiatu ambacho alishakimaliza.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

— Birika si lile linatoa moshi?

— Imekwisha hapa. Shikeni benchi, lipelekeni nyuma ya mashine ya kusaga. Kahawa mtaikuta huko.

— Huko si hatutaona kitu, Mama Redempta!

— Ndiyo.

Wakalibeba, wakigombania upande mwepesi. Minza akapita.

Nikaingia nyumbani, hapo hapo karibu. Zenon alikuwa uani anapasua kuni.

— Shemeji, nikamwambia, geti bado liko wazi. Njiani hakuna mtu.

Akachungulia kupitia uzio. Alitazama kwa muda, kisha akaweka shoka chini, akachukua koti.

Jioni nikatandika mkeka, nikapakua. Redempta yupo. Isdori yupo, kanawa mkono mmoja tu. Baba yao yupo. Zenon akatoka chumbani na kifuko cha dawa, akakiweka juu ya kabati, akaketi karibu na kaka yake.

— Wamenifokea, akasema.

— Vizuri.

Akauma jiwe kwenye maharage, akalitema, akasogeza sahani yake.

— Shemeji, ongeza ugali.