Chupa ya Huenda

Mama Mapacha hakuwa na nia ya kudukiza, ila masikio hayana pazia. Kiti cha mbele yake basini, fundi cherehani alipakata chupa ya juisi ya majani, akiisifu kwa muuza ndizi aliyekaa naye.

"Mdogo wangu ana saratani ya titi. Sindano za hospitali kaacha, anakunywa hii tu. Redioni wamesema huenda ikaiua."

"Huenda? Dada, nikikwambia huenda ndizi hizi zimeiva, utanunua?"

"Majani tu haya, hayana madhara."

"Madhara ni sindano anazozikosa! Chupa mwonyesheni daktari, mgonjwa arudi kwenye sindano. Lo!"

"Kwani wewe umesomea udaktari?"

"Sijasomea. Na wewe unayetibu, umesomea?"

Fundi akanuna, akaifuta chupa jasho kama anayemfuta mtoto pua. Mama Mapacha alitaka kudakia, akajing'ata ulimi. Jamani mama wenzangu, ulimi kama huo haufai kung'atwa.

Basi likasimama. "Hospitali! Kuna wa hospitali?" akaita kondakta.

Muuza ndizi akamkodolea macho fundi. Fundi akageukia dirisha.

"Hakuna," akasema. "Mgonjwa wangu yuko nyumbani."