Doa Chini ya Wayo wa Pascalia

Marehemu Pascalia Nguma, ambaye wasifu wake unasomwa na mdogo wake Boga, alizaliwa Mtopanga, Kisauni, tarehe 9 Juni 1946. Alisoma hadi darasa la sita, kisha masista wakamfundisha ushonaji kwa miaka miwili.

Tarehe 12 Agosti 1967 alifunga ndoa na Tsuma Kazungu, dereva wa lori la mafuta. Suti ya bwana harusi aliishona mwenyewe, na suruali ikawa fupi. Watu walipocheka alijibu, "Nilimpima vizuri. Ameongezeka urefu kwa furaha." Walihamia Changamwe, na kuanzia 1971 alishona sare za shule barazani kwa cherehani ya miguu.

Mwaka 1990 aliona doa jeusi chini ya wayo wa kulia, dogo kama punje ya mtama. Mdogo wake huyu anayesoma alimwambia, "Dada, hiyo ni sugu ya cherehani," akamletea wembe aikwangue. Jambo hilo linamuuma mpaka leo. Zahanati moja ilimpa dawa ya kupaka. Doa likapanuka, kingo zikawa hazilingani, weusi ukachanganyika na kahawia na buluu. Mwaka 1991 daktari mmoja alilikata kama sugu, na kilichokatwa kikatupwa bila kupimwa. Tsuma aliuliza kama si saratani. Akajibiwa, "Saratani ya ngozi ni ya Wazungu. Mtu mweusi haimpati." Wakarudi nyumbani wakiwa wameamini. Kidonda hakikufunga. Alikwenda mara saba zaidi, na mara saba akarudi na mafuta ya kupaka.

Februari 1993 daktari mwingine alikitazama, akakata kinyama kidogo kipelekwe maabara.

"Mama, mbona umechelewa hivi?" aliuliza.

"Sikuchelewa, daktari. Ninakuja tangu mwaka wa tisini."

Majibu yalichukua wiki tisa. Ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi mara nyingi huanzia nyayoni, viganjani au chini ya kucha. Ingekatwa yote ikiwa bado ndogo, huenda angepona. Lakini ilikuwa imefika kwenye mitoki, zile tezi za kinena. Alikatwa mguu chini ya goti, na mitoki ikaondolewa. Alishona kwa mguu wa kushoto miezi kumi na mmoja, kisha ugonjwa ukaingia mapafuni. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 17 Novemba 1994, akiwa na miaka arobaini na minane.

Ameacha mumewe Tsuma, watoto Dorcas, Kazungu na Mwaka, wajukuu wawili, na mdogo wake.

Siku nne kabla ya kufariki alimwita Boga kitandani. "Usiwaambie watu niliugua mguu tu," alisema. "Waambie ilikuwa saratani ya ngozi, na kwamba tuliitazama sote kwa miaka mitatu."

Ndiyo hivyo, tumesema. Mungu ampe Pascalia nafuu aliyoikosa kwetu, na apumzike.