Kome wa Beseni la Buluu

MWANAMKUU: Haloo? Nani mwenzangu?

FARAJI: Mimi Faraji, mama mdogo. Nipo Utete. Shikamoo.

MWANAMKUU: Marahaba, mwanangu. Sema upesi, nina wageni. Wamekuja kumposa dada yako Shamsia.

FARAJI: Alhamdulillahi! Basi sitakuchelewesha. Naomba tu uwabadilishie maji wale kome wangu wa utafiti niliowaacha kwako, kwenye beseni la buluu—

MWANAMKUU: La buluu? (anakohoa)

FARAJI: Mama mdogo?

MWANAMKUU: Mtandao huu... unakatakata...

FARAJI: Mimi nakusikia vizuri sana.

MWANAMKUU: Samaki leo hawakupatikana, Faraji. Watu wametoka Umwe kote huko, niwape mchicha?

FARAJI: Umewapika!

MWANAMKUU: Kwa nazi.

FARAJI: Hao wametoka kwenye bwawa linalopokea maji ya betri kuukuu! Wamejaa madini ya risasi. Ndiyo maana magamba yao ni membamba, na ukiwagusa wanachelewa kufumba.

MWANAMKUU: Mimi nikadhani wana adabu. Hata kisu cha kuwafungulia hakikupata kazi.

FARAJI: Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kuna aliyekwisha kula?

MWANAMKUU: Bado. Sinia ndo kwanza limetua. Mzee Bashiru, msemaji wao, ananawa. Kasema hatamki neno la posa na njaa.

FARAJI: Liondoe!

MWANAMKUU: Mbele ya wakwe? Watadhani tumewakataa! Shamsia atanila mbichi.

FARAJI: Waeleze kwamba, kitaalamu—

MWANAMKUU: Nikawaambie nimewapikia betri? Subiri. Usikate. (vyombo vinagongana; minong'ono)

FARAJI: Haloo? Mama mdogo? Salio langu linaisha—

MWANAMKUU: Nipo. Nimeingia nalo chumbani, nimejifungia.

FARAJI: Umewaambiaje?

MWANAMKUU: Sikusema kitu. Nimelinyanyua tu, mkono wa Mzee Bashiru ukabaki hewani.

FARAJI: Ee Mola. Wanaondoka?

MWANAMKUU: Hebu nisikilize... (sauti nzito nje ya mlango) Faraji! Anaposa!

FARAJI: Nani?

MWANAMKUU: Mzee Bashiru! Kasimama mlangoni kwangu, anaposa kwa sauti ya kunadi samaki. Kadhani nimewanyima mpaka waseme! Kamtaja kijana, kataja ukoo, utangulizi wote karuka!

FARAJI: Basi itikia!

MWANAMKUU: TUMEPOKEA, MZEE WANGU! Umesikia? Hicho kigelegele ni cha Shamsia mwenyewe, hana hata haya.

FARAJI: Hongera sana. Sasa hao kome, tafadhali, uwafukie mbali na—

MWANAMKUU: Faraji, wanagonga.

FARAJI: Wanataka nini tena?

MWANAMKUU: Wanasema neno wameshalitoa, sasa na mimi nitoe sinia—

FARAJI: Usifungue! Mama mdogo, usi—

(simu inakatika)